Nilipeleka Tembo la Posa, Nikakataa Kulionja

(Aliyetuletea kisa hiki ni msomaji wetu wa bara ya Mombasa. Jina lake tunalo sisi, na halitatoka. Majina yaliyomo ameyabadili mwenyewe.)

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, karani katika bohari ya mafuta hapa Changamwe, na nimepanga chumba Magongo. Kwetu ni Kisauni, nyumba ya kanisa tangu babu. Nilipopata kipaimara niliahidi mbele ya kasisi kwamba pombe haitapita kooni mwangu, na mpaka leo haijapita. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka. Upande mmoja naitwa mlevi, upande wa pili naitwa mchawi, na mimi si huyu wala yule.

Mambo yalianza mwaka juzi, vita vilipokwisha na watu wakaanza kupumua. Rafiki yangu wa kazini, Charo, alinialika twende kwa baiskeli hadi Utange kwa jamaa zake wagema. Nikaenda kutembea tu. Huko minazi imekatwa vidato toka chini hadi juu, na nyumba nzima yaishi kwa tembo. Baba hupanda asubuhi na jioni kukata ncha ya ua na kubadili kibuyu, mama huchuja, wana hupima, na binti, nitamwita Kadzo, hukaribisha wateja. Sasa wao kwa lugha yao tembo huliita uchi. Binti wa watu akanijia kwa adabu zote, akaniuliza, "Kaka, nikuletee uchi?" Wallahi sikujua nitazame wapi. Charo alicheka mpaka akakaa chini. Kadzo alipofahamu nilichosikia, alikimbilia jikoni, na aliporudi alikuwa na dafu.

Baba yake alinitembeza shambani, akanionyesha mnazi mmoja mmoja, huu hutoa tamu, huu huwahi kuchachuka. Hakunilazimisha kunywa. "Mgeni na anywe apendacho," alisema. Basi nikazoea njia ya Utange. Kila Jumamosi niliyopata nafasi nilikuwa huko na dafu langu, na mwaka haukwisha ila mimi na Kadzo tumekubaliana. Yeye mwenyewe akaanza darasa la ubatizo Kisauni, ili tuoane kanisani.

Charo akawa mshenga wangu. Akaniambia posa ya kwao haiendi bila kibuyu cha tembo, tena lisiwe la shamba la mkwe, maana huwezi kumposea mtu kwa jasho lake. Nikalitafuta huku huku Changamwe, nikalifunga nyuma ya baiskeli. Mpaka kuvuka daraja la Nyali povu lilikuwa limenirukia suruali yote, nanuka kama niliyelala mangweni kwa walevi, na watu wa kanisa letu wananitazama nikipita.

Huko Utange jamaa za Kadzo walikuwa wamekaa mikekani pamoja na Charo. Baba akakishika kibuyu, akamwita Kadzo. "Mwanangu, tembo hili limeletwa na huyu. Ninywe?" Ndivyo msichana anavyoulizwa kwao kama amemkubali mtu. Kadzo alipiga magoti, akajibu, "Nywa, baba." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi moyo ukanitulia, nikadhani kazi imekwisha.

Baba akajaza kata, akaninyooshea mimi. Nikaona ananiheshimu. Nikasema, "Ahsante baba, mimi situmii, wajua." Vigelegele vikakatika.

"Onja."

"Niwie radhi baba, nina ahadi yangu."

"Nimesema onja. Sikusema unywe."

Kumbe kwao mwenye kuleta tembo ndiye huonja wa kwanza, watu wote waone kwamba hakutia kitu, sumu wala uchawi. Anayekataa kuonja alicholeta, anajua alichokitia. Sasa mimi ningelijulia wapi? Mwaka mzima nanyweshwa madafu! Charo, ambaye kazi yake ilikuwa kunifunza, hakunifunza, eti kwao hata mtoto analijua. Alitaka kunionjea, baba akamzuia. "Si wewe unayeoa," alimwambia. Shangazi yake Kadzo akakichukua kibuyu, akakimwaga nyuma ya nyumba huku akifukuza kuku wasisogee. Kuku, ndugu zangu. Nilirudi Magongo nalia juu ya baiskeli, na sioni haya kulisema.

Nikaenda kwa kasisi nikidhani huko nitasifiwa. Alikuwa ameshapata habari za kibuyu darajani, akanikasirikia kwa kukibeba tu. Nilimwuliza kama kuonja ni kunywa. Akasema likinigusa ulimi sitapokea meza ya Bwana, na ndoa yetu hataitangaza.

Jumapili iliyofuata nilimngoja Kadzo nje ya darasa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilimwambia baba anywe," alisema. "Mbele ya jamaa zangu wote nilimwambia anywe kilichotoka mkononi mwako, wala sikuuliza ndani mna nini. Wewe uliyekileta ndiye uliyeogopa." Akaenda zake.

Baba yake ametuma neno kwa Charo kwamba nirudi mwisho wa mwezi ujao na kibuyu kingine, na hakutakuwa na cha tatu. Nikionja, hapana ndoa ya kanisa, na Kadzo ameisomea mwaka mzima. Nisipoonja, hapana Kadzo, na Utange yote itasema ni kweli nilitaka kumuua baba wa watu.

Wasomaji wenzangu, tafadhali msinijibu nitafute mwingine. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu hapa Magongo, na huyo mwingine simtaki. Niambieni jambo moja tu: mzee atakaponinyooshea kata, na Kadzo amepiga magoti ananitazama, nifungue mdomo au nisifungue?