Mashati Kumi Yasiyo na Vichwa

Dada yangu Doto analima mpunga ekari mbili huku Chanzuru, karibu na mji wa Kilosa. Mumewe alifariki, watoto wanaishi mbali, na goti lake la kulia halikubali kukimbia. Punje zinapoanza kujaa maziwa, ndege wa kwelea huja kwa maelfu, na asiyeweza kukimbizana nao huvuna makapi.

Kwa hiyo kila mwaka alishona sanamu za kuwatisha. Alizitia macho ya vifuniko vya soda, pua, midomo, mpaka ndevu za katani. Zilifanana na watu kiasi kwamba Lazaro, tunayepakana naye shamba, aliwahi kuiamkia mojawapo shikamoo akidhani ni mjomba wetu.

Mwaka juzi, kwenye darasa la akina mama msikitini, Ustadhi Chande alifundisha kuhusu kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Dada alinyoosha mkono.

"Ustadhi, na sanamu zangu za shambani je?"

"Bi Doto, wanazuoni wamehitilafiana. Wapo waliolegeza kwa zile zisizo na macho wala pua. Lakini sanamu kamili kama zako, wengi wameikataza. Ikiondolewa kichwa, hapo hukumu yake inakuwa kama ya mti, na mti haukatazwi."

"Basi nitaondoa vichwa."

"Na ndege nao waambiwe," mama mmoja akasema kutoka nyuma, "maana hawakuhudhuria darasa."

Wenzake walicheka. Dada hakucheka. Jioni ile ile alinipa kisu, tukakata vichwa vyote sita na kuvichoma. Lazaro alikuwa amesimama kwenye tuta lake anatuangalia.

"Dada Doto, wamekukosea nini hao? Umechinja ukoo mzima."

"Wewe palilia."

"Mimi wangu nimemvalisha miwani. Mwaka huu kwelea wote wanahamia kwako."

Kweli walihamia. Asubuhi walitua kwenye shingo za zile sanamu kama wamewekewa viti. Siku ya tatu, jaruba zima la kando ya mfereji lilikuwa limebaki mashuke matupu. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa kwenye shamba lile, hana kingine. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba labda arudishe vichwa mpaka mavuno yapite.

"Nikivirudisha kwa kuwaogopa ndege," alisema, "nitakuwa nimesoma nini?"

Akapanda kwenye dungu, kile kichanja cha miti anachokaa mlinzi wa ndege. Alikaa kutwa nzima bila kupiga kelele, anatazama tu. Aliposhuka alikuwa na uso mwingine kabisa.

"Wamemkalia hata yule wa Lazaro mwenye miwani, juu ya kofia. Hawa hawaogopi uso. Upepo ukiinua shati ghafla, ndiyo wanaruka."

Kesho yake tulisokota kamba ndefu ya katani, tukaipitisha juu ya majaruba, ncha yake tukaifunga kwenye dungu. Tulitundika mashati kumi chakavu, na kila shati likapata kopo lenye kokoto. Kamba ikilegea, mashati yanalala ndani ya mpunga. Ikivutwa, yanasimama yote kwa pamoja.

Alfajiri iliyofuata kundi la kwelea lilishuka mpaka jua likafifia. Dada alingoja. Walipokaribia kutua alisema bismillahi, akavuta. Mashati kumi yaliibuka mara moja, mikono mitupu ikipunga, makopo yakilia. Kundi zima liligeuka hewani kama nguo inayokung'utwa, likaenda kutua kwa Lazaro.

Jioni Lazaro alikuja, mashati manne begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hayo yana vichwa?"

"Hayana. Na yule wa miwani nimemng'oa."

"Funga hapo mwisho, kaza vizuri."

Kuanzia siku ile kamba moja ililinda mashamba mawili, Mwislamu na Mkristo wakipokezana dungu. Shemeji yake Lazaro, Evance, anayelima mahindi Mikumi, alikuja kutazama, akaenda kufunga ya kwake. Alimpigia Lazaro simu baada ya wiki: ngedere waliokuwa wakila mahindi wamekimbilia porini, na majirani zake wanauliza huyo mama atakuja lini kuwafundisha.

"Mwambie nikimaliza kuvuna," dada alijibu.

Na alivuna. Jaruba la kando ya mfereji halikutoa kitu, lakini mengine yote yalitoa mpunga mwingi ambao hatujawahi kuuona tangu tuliporithi shamba lile. Magunia yalijaa chumbani, mengine tukayalaza ukumbini. Alitoa zaka kwanza, kabla hajapika hata kibaba. Kisha akakoboa, akapika sufuria kubwa la wali mpya, akatuma watu wamwite Ustadhi Chande, wamwite Lazaro na mkewe, na akina mama wote wa darasa. Yeye alikaa juu ya gunia, goti amelinyoosha, anapakua na kuhimiza kila mtu arudie.