Pikapu ya Zita Inavuta Hewa

Mkono wangu huu umefungua injini kabla wengi wenu hamjazaliwa. Shule niliiachia darasa la tano, na siyo kwa ujinga. Mwalimu ndiye aliyechoka. Nawaambia mapema ili mjue kwamba habari za Zita mnazipata kwa mtu anayejua magari, hata kama mbele ya safari mtanicheka.

Zita ni binti wa dada yangu Magdalena, hapa Kibosho. Ana miaka arobaini na miwili, mabega ya mpasua mbao, na mdomo aliourithi kwa mjomba wake Filemon, yaani mimi. Kila asubuhi anazunguka migombani na pikapu ya marehemu baba yake, Sirili, anakusanya maziwa ya akina mama ishirini na sita na kuyashusha Moshi mjini. Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya kabureta. Rangi yake ilikuwa bluu enzi za Sirili; siku hizi sijui tuiite nini. Zita alipokuwa mdogo, wenzake wakicheza, yeye alikuwa kwenye boneti akimshikia baba yake spana. Sirili akiomba namba kumi na mbili, anapewa namba kumi na mbili. Kaka yake Denis akiombwa, alileta jembe.

Tangu Sirili afariki, miaka mitatu sasa, pikapu ikaanza ukorofi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta haikai silensa, haiungurumi kwa utulivu: injini inapanda, inashuka, inatetemeka kama mwenye homa, kisha inazima. Sisi watu wa mlimani tuna jibu moja kwa kila kabureta inayosumbua: hewa. Huku juu hewa ni nyepesi, kule mjini ni nzito, kwa hiyo skrubu ya kabureta unaizungusha ukishuka na unaizungusha ukipanda. Bisibisi haikosekani kwenye dashibodi, kama rozari. Mimi ndiye niliyemfundisha Zita: nusu mzunguko akifika Shirimatunda, karibu na mjini, nusu mzunguko akirudi. Alizungusha miaka mitatu, na maziwa yakamgandia njiani mara sijui ngapi.

Alhamisi moja Denis akaja kutoka Dar. Yeye ndiye mwana wa kwanza, na kadi ya gari ina jina lake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Huko Dar kazi yenu ni kula na kulala?"

Akacheka, halafu akatoa alichokuja nacho. Jumamosi saa kumi jioni, mtu wa vyuma chakavu atakuja kuichukua pikapu.

"Limezeeka hilo gari, Zita. Nasikia wiki hii limekuzimikia mara mbili kwenye mlima wa daraja. Siku moja litarudi nyuma likuue."

Zita alikuwa anasuuza madumu. Hakuinua kichwa. "Na maziwa nitayashusha kichwani?"

"Utatafuta shughuli nyingine."

"Mimi shughuli ninayo." Akasimama, maji yanamchuruzika viwikoni. "Jumamosi tutapanda mlima wa daraja na mzigo, wewe umekaa pembeni yangu. Isipozima, inabaki. Ikizima, nitaisukuma mwenyewe mpaka kwa huyo mtu wako."

Denis akakubali. Nadhani alimhurumia.

Ijumaa, alipomaliza maziwa, nikamwendea na bisibisi yangu. Akanishika mkono.

"Mjomba, leo hakuna kuzungusha."

"Hewa ya huku, mwanangu..."

"Kwenye hewa ya huku baba alipanda na kushuka miaka ishirini na gari hili hili. Sikumwona na bisibisi hata siku moja."

Nikairudisha bisibisi mfukoni.

Akawasha injini. Akachukua bomba la sindano analonyweshea ndama dawa ya minyoo, akalijaza maji ya sabuni, akaanza kudondosha tone moja moja: kwenye mipira ya hewa, kwenye vibanio, kwenye kila kiungo. Kila tone anasikiliza. Saa nzima ikapita.

"Unaiogesha?" nikamtania. "Ipake na losheni basi."

Akainama nyuma kabisa, pale kabureta inapokalia manifoldi, bomba la kuingiza hewa kwenye injini, akadondosha. Maji yakamezwa, fyuu! Injini ikatulia kwa pumzi mbili hivi, halafu ikaanza tena kuhema. Akarudia. Ikatulia tena, ikahema tena.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia."

"Inavuta hewa hapa. Siyo hewa ya mlimani. Ya hapa."

Hata mimi nikaelewa. Hewa ikiingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye kabureta, petroli haiwezi kuitosha, na skrubu utaizungusha mpaka ukaoe tena.

Shida ikawa nati zinazoishika kabureta. Zilikataa.

"Nani alizifunga hizi?"

"Nati niliyoifunga mimi," nikasema kwa fahari, "haifunguliwi na mtoto wa mtu."

Akanitazama. Akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, akajitegemeza nalo kwa uzito wake wote mpaka zikalia na kuachia. Akainua kabureta. Gasketi ya chini, ile karatasi ya kuziba hewa isipenye, ilikuwa kipande cha kalenda ya ukutani, kimekauka na kupasuka. Ungeona sikio moja la Mtakatifu Yosefu na nusu ya ndevu zake.

Hapo nikakumbuka. Wiki moja baada ya kumzika Sirili nilitaka kufanya wema: nikaifungua kabureta niisafishe, gasketi ikachanika, ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Nikakata kalenda iliyokuwa nyuma ya mlango wangu. Halafu nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, na ninazo, mpaka kitako cha kabureta kikapinda.

"Mjomba," akasema Zita.

"Naam."

"Chai yako inapoa."

Basi. Afadhali angenitukana.

Mchana huo akapanda bodaboda kwenda mjini, akarudi na karatasi ya gasketi na msasa. Akaitoa picha ya Sirili ukutani, akaichomoa kioo, kwa sababu nyumba nzima hakukuwa na kitu kingine kilichonyooka. Akatandika msasa juu ya kioo, akasugua kitako cha kabureta, duara, duara, anapima kwa rula dhidi ya mwanga, anarudia. Mimi nilichoka kwa kutazama tu. Jumamosi asubuhi akakata gasketi kwa wembe, akafunga nati huku kidogo, kule kidogo. Spana hakunipa. Akawasha, akarekebisha skrubu mara moja, kisha akachukua kikombe changu cha chai akakiweka juu ya injini. Chai haikumwagika.

Saa tisa tulikuwa tunapanda kutoka mjini na magunia manane ya pumba za ng'ombe, mimi nimekaa juu yake. Katikati ya mlima wa daraja Denis akasema, "Simama hapa hapa. Ondoa mguu kwenye mafuta."

Zita akavuta breki ya mkono, akaondoa mguu. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi akasogea dirishani. "Zita, imekuzimikia tena?"

"Haijazima, mama. Sikiliza."

Akasikiliza. Denis naye akasikiliza. Kisha akasema, "Leo imebahatika. Wiki ijayo itarudia. Gari likizeeka limezeeka."

Nilimwona Zita kupitia kioo cha nyuma, mikono imeng'ang'ania usukani. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Nyumbani lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika. Nikashuka, nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale, nikalipiga fundo, gasketi ile ya kalenda, niliyokuwa nimeiweka mfukoni, nikaifungia humo. Kwetu anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na halikataliwi. Mimi nilikuwa nimezoea kuletewa, siyo kupeleka. Nikamshikisha Denis, Zita akiona.

"Siyo uzee wa gari," nikasema. "Ni mimi. Nililiharibu nikasingizia hewa. Yeye amelitengeneza."

Denis akafungua. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mjomba. Mtakatifu Yosefu?"

"Si alikuwa fundi?"

"Seremala, mjomba!"

Akaliweka jani mfukoni, akamfuata mwenye lori, akamkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, na lori likaondoka tupu. Wiki iliyofuata kadi ikabadilishwa jina, ikawa ya Zita.

Zita akaninyooshea kiganja.

"Nimekusamehe. Ila bisibisi niachie."

Mpaka leo iko kwake. Anafungulia mifuniko ya madumu.