Nilipitisha tabaka bovu barabara ya Arua–Koboko, kisha nikaomba lifumuliwe

Wakuu, amani kwenu nyote.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naeleza jambo lililonipata kazini, na siongezi chumvi. Aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimezaliwa mtaa wa Oli. Ufundi nilisomea Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimekaa hivi. Sasa ni fundi wa maabara ya barabara, kwenye ukarabati wa kipande cha barabara ya kwenda Koboko, upande wa Manibe.

Kwa wasioijua kazi hii: malori yanamwaga marram, ile changarawe nyekundu, greda inasawazisha, boza linamwagia maji, rola inashindilia. Halafu nakuja mimi. Nachimba kashimo, napima udongo uliotoka, nasema tabaka limeshikana au bado. Nikisaini, linafunikwa na tabaka lingine na hakuna atakayeliona tena.

Ni kazi ya kuaminiwa.

Foreman wetu anaitwa Mzee Anguyo. Ameanza kujenga barabara mimi sijazaliwa. Si mtu mbaya kabisa, naomba mlishike hilo, maana najua humu mnapenda kutafuta mwizi kwenye kila habari ya barabara. Anguyo alikuwa na haraka kwa sababu mvua zilikuwa karibu, na watu walikuwa wanateseka kwenye mchepuko.

(Wakuu wa Bongo, mchepuko ni barabara ya muda ya kupitia magari. Msianze.)

Mchepuko wetu ulishuka kwenye kijito, ukapanda tena upande wa pili. Kiangazi ni vumbi tupu, mvua ikinyesha ni matope. Malori ya kwenda Juba yalikuwa yanauchimba kila siku. Wenye nyumba za jirani walishachoka kutulalamikia, wakawa wanatutazama tu.

Basi siku moja, jua kali, nikaenda kupima kipande kinachopita juu ya kalavati, yaani daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara. Anguyo akanionyesha pa kuchimba, katikati ya barabara. Nikachimba alipoonyesha. Matokeo mazuri.

Kanuni inasema fundi wa maabara anachagua mwenyewe, na pembeni mwa kalavati lazima paguswe, maana pale rola kubwa haifiki vizuri. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka, malori yamepanga foleni na marram, na vijana wa rola wote wananiangalia mimi. Nikasaini.

Tabaka la juu likamwagwa. Baada ya siku chache mvua ya kwanza ikanyesha.

Asubuhi yake boza lilipopita pale kwenye kalavati nikaona ardhi inacheza chini ya gurudumu, kama godoro. Dereva hakuona. Anguyo alikuwa mbali. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Wakuu, nilisimama pale muda mrefu. Nilifikiria kunyamaza. Lami ingefunika, tungekabidhi kazi, na pangeanza kubonyea sisi tukiwa saiti nyingine. Halafu nikafikiria basi la Koboko limejaa watu, spidi, limekutana na shimo palepale juu ya kalavati.

Nikachimba pembeni. Udongo ulitoka kwa mkono, laini kabisa.

Nilikwenda kwa injinia msimamizi, mama mmoja mtulivu kutoka Masaka, nikamwambia yote, pamoja na kwamba sahihi ni yangu, nikaomba pafumuliwe. Hakunipigia kelele. Aliniuliza nilichimba wapi mara ya kwanza na nani alichagua. Nikajibu nilichagua mwenyewe kukubali. Akaniandikia barua ya onyo, akaamuru kipande chote kifumuliwe mpaka chini.

Anguyo alipopata habari alinifuata maabara. Hakukaa.

"Mvua iko nakuja," aliniambia. "Watu yote nachoka na hii matope. Mimi naahidi wao wiki hii tunafungua. Sasa wewe nataka tubomoe?"

Nikamwambia pale chini hapajashikana. Akasema hilo ameshalisikia, akatoka. Kwa siku kadhaa hakunisalimia, na vijana wa rola walimfuata. Chakula cha mchana nilikula peke yangu kwenye pickup.

Tukafumua. Na mvua zikaja kweli.

Sasa sehemu hii ndiyo ngumu kuiandika.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri, mvua imekatika muda si mrefu. Gari la wagonjwa likaja kutoka upande wa Koboko, likaingia mchepuko, likashuka kwenye kijito na kukwama katikati. Likajaribu kurudi nyuma, likazama zaidi.

Ndani alikuwamo mama mwenye uchungu tangu alfajiri, anapelekwa hospitali Arua. Aliyekuwa naye ni Sister Driciru, mkunga wa kituo cha afya cha huko juu. Alishusha kioo akauliza kama gari linaweza kupita kwenye barabara yenyewe.

Haikuwezekana. Ilikuwa imefumuliwa. Kwa sababu yangu.

Anguyo alimshusha dereva wa greda akapanda mwenyewe. Sisi wengine tukaingia kwenye maji kufunga mnyororo. Ndoano ilinitoka mara mbili. Kabla hatujamaliza, Sister akatuambia tuache kulitikisa gari, mtoto anakuja sasa hivi.

Tukaacha. Wanaume kama kumi tumesimama ndani ya maji, tumegeuza migongo. Anguyo alizima greda. Tulimsikia mama akilia, halafu kimya, halafu kimya kile kikazidi. Sijui kilikuwa cha muda gani. Mimi nilikiona cha siku nzima.

Kisha mtoto akalia.

Mzee Anguyo aliinamisha kichwa kwenye usukani wa greda, akabaki hivyo.

Tulilivuta gari polepole mpaka juu. Mama na mtoto walifika Arua salama, wote wawili. Lakini nawaambia ukweli, ingekuwa vinginevyo, nisingekuwa na nguvu ya kuandika hapa.

Kesho yake Sister alipita akirudi kituoni, akasimama kwetu. Aliuliza kwa nini barabara iliyokuwa karibu kwisha imebomolewa. Watu wote wakanitazama. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Dawa ikiharibika mimi natupa, hata mgonjwa iko nangoja," alisema. "Kubomoa hapana mbaya. Lakini mimi naangalia dawa asubuhi, mgonjwa bado kufika. Wewe kwa nini naangalia mwisho?"

Kwenye saiti yetu kupima kulikuwa kitu cha mwisho, kama mhuri. Ndiyo maana nikikataa ninakuwa adui, na nikikubali ninakuwa mwongo.

Siku hiyohiyo nilimfuata Anguyo. Nilidhani atanifukuza. Akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi, akaniuliza nataka tufanyeje.

Tuliongea mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana tufanye vipande vifupi vifupi, kila tabaka nilipime siku hiyohiyo, na lori lisimwage kitu juu yake kabla sijamaliza. Pa kuchimba nachagua mimi. Pembeni mwa kalavati ikaletwa rola ndogo ya kusukuma kwa mkono. Yeye akaongeza lake ambalo mimi sikulifikiria: mchepuko nao ni barabara. Ukawekewa bomba la kupitisha maji pale kijitoni, marram juu, na greda inaanza kazi ya asubuhi palepale kabla ya kwenda kokote.

Injinia alikubali yote. Alisema tu alitamani tungemwambia mapema.

Na ajabu ni kwamba kasi iliongezeka. Mwanzo tulionekana tunajikongoja, lakini hatukurudi nyuma tena hata mara moja. Tabaka likifeli, tunalirekebisha rola ikiwa bado ipo, maji yapo, watu wapo. Kabla ya hapo tulikuwa tunakimbia wiki moja na kubomoa wiki mbili.

Kipande kile sasa kina lami na magari yanapita. Mchepuko umefungwa, na wenye shamba lao wameshapanda mihogo. Siku hizi Anguyo ndiye anayenipigia simu akitaka nije nichimbe, na nikichelewa ananisema mbele za watu.

Nilichojifunza: haraka na ubora nilikuwa naviona kama maadui. Kumbe adui alikuwa woga wangu wa dakika kumi, jua likiwa kali na malori yamepanga foleni. Anguyo aliwahurumia watu, mimi pia, ila hatukuwa tumekaa pamoja kuulizana.

Barua yangu ya onyo bado iko kwenye faili, na naona ni haki yake kuwepo.

Mafundi mlioko saiti, Tanzania, Kenya, Congo, popote: kwenu nani anachagua pa kuchimba? Na wewe mpita njia uliyewahi kukwama kwenye mchepuko wetu, lete yako hapa chini hata kama ni ya kutulaumu. Nitasoma zote, na nitajibu.