Naunga Mkono Mzee

Wakati huo nilikuwa nauza maji kwenye kioski cha mtaa wetu wa Nyalenda. Bomba lilikuwa likipasuka kila mara, fundi anaitwa leo anafika kesho kutwa, na kamati ya maji ikachoka. Wakaniambia wazi kwamba mwaka mpya kioski kitapewa mtu anayejua kutengeneza bomba mwenyewe. Kwa hiyo kaunti ilipotangaza kwamba inapanga mafunzo ya kazi, na kwamba sisi wananchi ndio tutakaosema tunataka ufundi gani, siku ya mkutano nilioga mapema kuliko siku ya harusi yangu.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Afisa wa kaunti alikuwa msichana mpole, nywele amesukwa mpaka kiunoni, nyuzi nyembamba za kupendeza. Akamwomba mwenye umri mkubwa zaidi afungue mjadala. Kwetu mzee akishasema, anayefuata haendi njia nyingine. Anaunga mkono kwanza, na mara nyingi anaishia hapo hapo.

Mzee mmoja seremala, asiye na unywele hata mmoja kichwani, akasimama akasema mtaa huu unahitaji ususi.

Fundi wa kuchomelea vyuma akaunga mkono. Mama wa kukausha dagaa wa omena akaunga mkono. Zamu yangu ikafika. Maneno yangu kuhusu bomba nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, nikiyasema peke yangu nikijaza mitungi. Nikasimama.

"Naunga mkono Mzee," nikasema, nikaketi.

Heshima si utumwa, tunaambiwa. Mimi siku ile nilifanywa mtumwa na ulimi wangu mwenyewe, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Afisa alifurahi mno. Alisema hajawahi kuona mtaa wenye umoja kama wetu. Baada ya miezi michache vikaletwa viti, mashine za kukausha nywele na beseni la kuoshea vichwa, tukaanza kusoma, watu thelathini. Wateja hawakuwepo, maana kila aliyekuwa na kichwa alikuwa mwanafunzi. Tukasukana wenyewe, tukafumuana, tukasukana tena. Yule fundi wa kuchomelea alitembea Nyalenda nzima na mistari iliyopinda niliyomsuka mimi. Mzee hakukosa hata siku moja. Kichwa chake tulikitumia kujifunza kusugua kwa povu.

Siku moja bomba la beseni likapasuka. Wasusi thelathini tukasimama na vitana mkononi, maji yakitufika vifundoni, hadi mwalimu akafunga darasa na kutuma fundi aitwe. Nikaketi nje na Mzee, povu bado kichwani mwake. Nikamuuliza kwa nini alichagua ususi.

"Mama, hata mimi nilikuwa nataka tu hiyo mambo ya bomba," akasema. "Lakini yule msichana alikuwa amesuka vizuri sana. Ningesema bomba, angeona tunamdharau."

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikaendelea kulia tu.

Mwaka mpya ulipoingia kioski kikapewa mama mmoja kutoka Kisian, aliyefundishwa bomba na mumewe. Sina ubaya naye. Kila Jumamosi namsuka nywele palepale dirishani pangu pa zamani, naye ananijazia mitungi miwili.

Juzi kaunti ilirudi kuhesabu waliopata kazi kutokana na ule mpango. Afisa mwingine, kijana aliyenyoa upara, alinikuta nikisuka pale kioskini. Akaandika kwamba nimeajiriwa. Kisha akauliza ningependa mafunzo gani yaongezwe. Mzee alikuwa kwenye foleni ya maji, akaangalia chini.

"Bomba," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa hadi foleni nzima ikageuka.

Akapekua karatasi zake, akaniomba radhi kwa heshima kabisa. Fomu hiyo, akasema, ni ya wasusi peke yao.