Kipa Wetu Aliondoka Wakati wa Mapumziko

Mwaka ambao Hispania na Uingereza zilifika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, mimi nilikuwa nauza mawese, sabuni na vitenge kwenye kibanda cha mbao karibu na geti la kambi ya jeshi, Kasese. Mzigo niliufuata Bwera kwa mama mdogo, mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita na kuanza biashara upya upande wetu wa mpaka. Siku ya soko nilikwenda asubuhi na jioni nikarudi na madumu. Wateja wangu wengi walikuwa wake wa askari, na ndio walionivuta kwenye timu yao.

Naiita timu, ingawa hatukuwahi kucheza na mtu yeyote isipokuwa sisi wenyewe. Jioni, kabla ya kuwasha moto wa ugali, tulikutana kwenye uwanja ulio nyuma ya kantini ya kambi. Tulijigawa hivi: waliofunga vitambaa kichwani upande mmoja, wasiofunga upande mwingine. Wengine walicheza na ndara, wengine pekupeku, na mara nyingi mchezo ulisimama ili mtu akanyonyeshe.

Kipa alikuwa mmoja tu, mke wa sajini. Alitoka mbali, kaskazini, mrefu kuliko sisi wote, na Kiswahili alifundishwa na mumewe ambaye naye alifundishwa na jeshi. Kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama amri. Akikukaribisha chakula alisema, "Kaa. Kula. Maliza." Siku ya kwanza niliyocheza aliniita kutoka golini, "Wewe wa mafuta! Rudi nyuma! Unalala?" Nikarudi nyuma. Baada ya mchezo akaja kuniuliza kama nina watoto, na kama mama yangu yuko hai, na tangu siku hiyo akawa rafiki yangu.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Asipokuwa kazini alikuja kusimama kando ya mlingoti wa goli, amemshikia mkewe simu na kandambili. Wanaume wenzake walimcheka. Yeye alitazama mpira tu.

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwetu sote. Bwera ilikuwa imezika watoto wa shule waliouawa na waasi, na askari waliovuka mpaka kuwasaka walivuka wakiwa wengi. Sajini alikuwa mmoja wao. Mwezi wa saba tukasikia kwamba amefia msituni, ng'ambo. Hatukuambiwa zaidi, na sidhani kama hata mkewe aliambiwa zaidi. Alipanda gari moja na jeneza la mumewe mpaka kwao kaskazini. Baada ya mazishi akarudi na kichwa kilichonyolewa, kuchukua watoto wake watatu na vyombo, kwa sababu nyumba ya kambi ni ya askari aliye kazini. Akaambiwa asubiri gari.

Wakati huo Kombe la Dunia lilikuwa limeshaanza. Mechi zilichezwa Australia, kwetu zikaonekana asubuhi au mchana, saa ambazo wanaume hawakuwa na haja na televisheni ya kantini. Tulikuwa na Nigeria. Siku Nigeria walipokutana na Uingereza tulijaa kwenye mabenchi na masufuria yetu ya maharage ya kuchambua. Mchezo ulipokaribia penalti niligeuka, nikamwona kipa wetu amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mmoja akasogea, naye akakaa benchi la nyuma.

Nigeria wakatolewa. Wanawake walilia, wengine wakatukana kwa lugha zao, na kambi ile ilikuwa na lugha nyingi. Yeye alingoja kelele ipungue, akasema, "Yule kipa wa Uingereza. Mimi niko na yule."

"Waliotutoa?" tukamuuliza.

"Mimi iko na kipa."

Kuanzia hapo alikuja kila mechi, na maneno yakaanza. Jirani yake, mke wa koplo, mama mtu mzima aliyeheshimiwa kambini, alimkuta kwenye kibanda changu akamwambia mbele yangu, kwa upole, "Mwanangu, watu wanasema. Kilio hakijapoa, wewe uko kantini unaangalia mpira."

Kipa wetu alikuwa anachagua sabuni. Hakuinua uso.

"Mama, nikikaa nyumbani, jioni viatu vinapita. Viatu ya jeshi yote inalia sawasawa. Kila moja nasema ni yeye, anarudi. Kantini kuna kelele. Sisikii viatu."

Mke wa koplo akafungua pindo la kanga. Kisha akamlipia ile sabuni akaondoka.

Nilipomsimulia mama mdogo haya yote kule Bwera, aliendelea kukunja vitenge vyake. "Umuache aangalie mupira," alisema. "Miye nilipofika huku nilikuwa naangalia ukuta. Asubui ukuta, jioni ukuta. Mutu iko na kilio, umupatie kitu ya kungojea."

Na tulikuwa na cha kungojea. Uingereza wakawatoa Australia nyumbani kwao, Hispania wakawatoa Sweden, na ile wiki kabla ya fainali sijui kama kulikuwa na habari nyingine kambini miongoni mwa wanawake. Wengi tulikuwa Hispania, kwa hasira ya Nigeria. Upande wa Uingereza alikuwa yeye, watoto wake, na mwalimu mmoja wa chekechea aliyesema amewapenda kwa sababu ya nguo. Tulipanga nani atakaanga mandazi, nani atachemsha chai. Tulimtafuta mwenye kantini atuahidi kwamba umeme ukikatika atawasha jenereta. Kila asubuhi kipa wetu alipita kibandani kwangu akauliza, "Jumapili iko palepale?" Nikamjibu, "Iko palepale." Ilikuwa kama salamu.

Alhamisi akatuita uwanjani. Hakuwa amegusa mpira tangu msiba. Akasimama golini na kanga yake imefungwa juu ya suruali, akasema tumpigie penalti. Tukapanga foleni. Wa kwanza akapiga polepole, mpira ukatambaa mpaka miguuni pake. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Akauokota akaurudisha kwa nguvu.

"Mnanichezea nini? Piga! Mimi si mgonjwa!"

Zamu yangu ilipofika nilipiga kwa nguvu zangu zote. Akaruka upande wa kushoto, akaudaka, akaanguka nao. Tukashangilia. Hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, mpira ameukumbatia tumboni, mabega yanatikisika. Tulisogea tukakaa kwenye nyasi kumzunguka, hatukumgusa. Mtoto wake mdogo akaja akamkalia kiunoni kama anavyokaliwa mtu aliyelala usingizi. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akasema, "Haya. Nani anafuata?"

Jumamosi mchana habari ikaja. Lori limepatikana. Litaondoka kesho asubuhi, baada ya gwaride.

Sikuona kama alishtuka. Alisema, "Sawa," akaingia ndani, tukasikia anashusha vyombo. Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa mke wa koplo. Alijifunga kanga nyingine juu ya ile aliyovaa, akaniambia, "Wewe unajua kuongea. Twende kwa afande."

Afande aliyesimamia magari na nyumba alikuwa na ofisi ndogo yenye paa la bati, joto lake kama la chungu. Tulisimama mlangoni.

"Semeni."

"Afande, ni lori ya kesho," nikasema. "Tunaomba itoke jioni, au Jumatatu. Kesho kuna fainali."

"Fainali ya nani?"

"Ya wanawake, afande. Kombe la Dunia."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Mnataka nizuie gari ya jeshi kwa sababu ya mpira."

Mke wa koplo akapiga hatua moja ndani. "Si mpira, afande. Ni yule mtoto, mjane wa sajini. Tangu azike hajaomba mtu kitu. Hata hili hajaomba, ni sisi tunaomba. Akitoka hapa, hatutamwona tena, wewe unajua na mimi najua."

Yule mtu alivua kofia akaiweka mezani. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso, akalifuta kwa mkono.

"Bwana yake nilikuwa naye kwenye mafunzo," alisema. Kisha sauti yake ikarudi ilivyokuwa. "Lori inachukua familia zingine Fort Portal. Sitaki giza iwakute njiani. Ataangalia kipindi cha kwanza. Mapumziko ikifika, anapanda. Na vyombo viwe ndani tayari."

"Asante, afande."

"Tokeni."

Jumapili wengi hatukwenda kanisani. Asubuhi tulibeba vyombo: vitanda viwili vya chuma, magodoro, masufuria, jiko la mkaa, sanduku la bati lenye nguo za marehemu ambalo alilibeba mwenyewe. Nyumba ilipobaki tupu aliifagia, akafagia na mbele ya nyumba ya jirani. Kisha akaoga, akavaa gauni la kitenge nililomletea kutoka Bwera, akaja kantini akiwa na watoto wote watatu.

Tulimwekea kiti cha mbele. Mandazi yalikuwepo, chai ilikuwepo, umeme haukukatika. Timu zilipoingia uwanjani na kusimama kwa nyimbo zao, nilimwona anatazama mikono ya yule kipa, wala si uso. Mchezo ukaanza. Alicheza naye. Mpira ukienda kushoto mabega yake yaliegemea kushoto. Hispania walipofunga sisi tuliokuwa upande wao tulisahau tukaruka, kisha tukakumbuka tukakaa. Yeye alitikisa kichwa. "Hiyo hata mimi ingenipita," alisema. "Imepigwa chini, kwenye kona. Hakuna kosa."

Ndipo nikasikia injini ya lori nje. Dereva hakupiga honi, nadhani aliambiwa asipige. Aliiacha tu inguruma. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mapumziko, kipa wetu aliinuka mwenyewe kabla ya mtu yeyote.

Alitushika mkono mmoja mmoja, kama wachezaji wanavyopeana mikono mechi ikiisha. Mke wa koplo alimshika kichwa kile kilichonyolewa kwa mikono yote miwili, akamwambia jambo sikulisikia. Kwangu alisema, "Wewe wa mafuta. Usilie. Simama vizuri." Nikasimama vizuri. Afande alikuwa kando ya lori, akampandisha mtoto mdogo kwa mikono yake. Kiti cha mbele alikikataa, akakaa nyuma juu ya magodoro, na watoto pembeni. Geti likafunguliwa, likafungwa.

Tulirudi ndani kwa sababu mechi ilikuwa inaendelea na hatukujua kufanya nini kingine. Kipindi cha pili Hispania walipewa penalti. Mwamuzi alikwenda kuangalia video, tukangoja, tukangoja. Kisha yule mwanamke wa Hispania akapiga, na kipa wa Uingereza akaenda chini kushoto akaudaka. Hakuupangua, aliudaka, akainuka anapiga kelele. Sisi hatukupiga kelele. Wanawake wote, wa Hispania na wa Uingereza, waligeuka kutazama kile kiti cha mbele.

Nilitoka nje nikampigia simu. Haikupatikana. Nikapiga tena nikiwazia lori limefika wapi, labda Mubuku kwenye mashamba ya mpunga, labda limepita Hima. Haikupatikana. Ndani mechi iliisha kwa bao lile moja. Upande wetu ulishinda, tukakusanya vikombe.

Alipiga mwenyewe baada ya majuma kadhaa, kwa simu ya mtu. Alisema wamefika salama, watoto wameanza shule, mama mkwe ni mtu mzuri. Nikamweleza penalti.

"Upande gani?" aliuliza.

"Kushoto."

"Aliitema?"

"Hapana. Aliikamata kabisa."

Nikasikia kuku na mtu akitwanga. "Hapa hawajui mimi ni kipa," alisema. "Hapa mimi ni mke ya marehemu. Asubuhi shamba, jioni maji. Nimeona uwanja, lakini ni ya wanaume." Kisha mwenye simu akaitaka simu yake.

Tuliongea mara nyingine chache. Mwaka mpya ulipoingia namba ile ilipokewa na mwanamume mwenye lugha nisiyoijua, na baadaye haikupokewa tena. Kwenye nyumba yake ikaingia familia kutoka kusini. Timu ilijaribu kuendelea, tukawa tunapokezana golini, kila mtu dakika chache, na hakuna aliyepapenda. Mvua zilipoanza watu waliacha kuja, na mvua zilipokatika hakuna aliyewaita. Mke wa koplo alihamishwa na mumewe. Mama mdogo alianza kuumwa magoti, nikafunga kibanda nikahamia Bwera kumsaidia.

Huku askari ni wengi, na wanapenda mawese. Akija mmoja ambaye Kiswahili chake kinafanana na kile cha kipa wetu, mimi humwuliza kwao ni wapi, na kama anamfahamu mjane mmoja mrefu mwenye watoto watatu. Wengine husema kaskazini ni kubwa, mama. Wengine hucheka. Mmoja tu aliniuliza alikuwa nani kwangu. Nikampimia mafuta yake, akalipa, akaenda.