Mwonjaji Anayeogopa Kubahatisha

Saa tatu asubuhi, Mwanahalima Latifu ameketi mbele ya vikombe vitatu vya juisi ya nanasi katika kiwanda kimoja cha Zegereni, Kibaha. Viwili vina juisi ileile. Kimoja kina juisi iliyoanza kuchacha kidogo, naye anatakiwa kukitambua.

Kwa anayemtazama, hii ni kazi ya raha: unakunywa juisi na kulipwa juu yake. Lakini jasho linamtoka ingawa feni inazunguka. Anaonja, anasukutua kinywa, anaonja tena. Mwishowe anaonyesha kikombe cha katikati.

Amekosea. Nafuu yake ni kwamba haya ni mazoezi; mtihani wenyewe ni Alhamisi ya wiki ijayo.

"Hapa hakuna kusema sijui," anasema. "Hata usipojua, lazima uchague."

Mwanahalima, 41, ameonja kiwandani hapo kwa miaka tisa. Neno lake huamua juisi iende sokoni au imwagwe. Tangu mafua mazito ya Ramadhani, pua yake haisikii harufu sawasawa, na ladha nayo imempotea.

Msimamizi wake, Ambokile, huwapima waonjaji kwa raundi kumi na mbili za vikombe vitatu vitatu.

"Asiyejua kitu, akibahatisha tu, atapata kama nne," anaeleza. "Akifika nane, ni vigumu kusema ni bahati."

Mwezi uliopita Mwanahalima alipata tano. Mwenzake, Didas, alipata kumi. Mwanahalima akishindwa tena atahamishiwa kwenye kuosha chupa, kwa karibu nusu ya mshahara, na ana watoto wawili sekondari.

Hata hivyo, si hilo tu linalomnyima usingizi. "Naogopa nikipata nane kwa bahati," anasema kwa sauti ya chini. "Watanirudisha mezani, juisi mbovu ipite kwangu, watoto wa watu waumwe."

Jumapili, siku nne kabla ya mtihani, yuko Kisarawe kwa mama yake, Bi Tunu. Amegeukia ukutani huku mama akipanga vikombe vitatu vya chai, kimoja tu kikiwa na iliki. Anageuka, ananusa, anaonja, anachagua. Amepata. Wanarudia, anapata. Mara ya tatu pia.

"Alhamdulillahi!" Bi Tunu anapiga makofi. "Pua imerudi, mwanangu!"

Mwanahalima hacheki. Anatamani kuamini, na uso wake unaonyesha hivyo.

"Mara tatu mtu anaweza kubahatisha, mama," anasema, akigeukia tena ukutani. "Nipangie nyingine."