Baba Aliyeendeshwa kwa Vidole

Ofisini walimwita Bwana Taratibu, na jina halikuwa tusi. Alikuwa karani wa masijala, mtu mwenye tumbo la heshima, na kwa miaka kumi na tisa aliyobeba mafaili kutoka ghorofa ya chini hadi ya pili, hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Ukimhimiza, alikujibu, "Mwenda pole hajikwai."

Nyumbani alikuwa na mke, mshonaji wa mapazia, na binti yao wa mwisho, wa miaka saba, waliyemwita Kitinda. Dada yake mkubwa, alipopata kazi na kuhama, alimletea mdogo wake mashine ya gemu. Mwanzoni wazazi walifurahi, maana nyumba ilitulia. Kisha ikatulia mno. Kitinda alikula huku amekikodolea macho kioo, kijiko cha supu kikigonga pua. Alibana mkojo hadi akawa anacheza amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Macho yalikuwa mekundu, na la kushoto likapata mazoea ya kukonyeza lenyewe, hata mwalimu wake akaandika barua kulalamika kwamba mtoto anamkonyeza wakati wa hesabu. Akilala, vidole gumba viliendelea na kazi.

Wakampeleka kwa daktari wa watoto, mama mmoja asiye na maneno mengi. Alimulika macho, akabonyeza tumbo, akageuza shingo.

"Haumwi," alisema. "Anachakaa. Macho haya yametazama kitu cha mbali lini?"

Mama wa Kitinda akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, na daktari hakumngoja amalize.

"Punguzeni gemu. Atembee, akimbie, jasho limtoke. Atazame mbali. Na akibanwa, aende chooni, gemu halitakimbia."

Jumatatu Bwana Taratibu alichomoa waya wa umeme wa ile mashine, akaenda nao masijala, akaufungulia faili.

Kitinda hakulia. Hapo ndipo maji yalipozidi unga, kwa sababu mtoto anayelia unajua pa kumshika. Yeye alikaa mbele ya kioo cheusi, rimoti ya gemu mkononi, akaendelea kubonyeza. Siku tano mfululizo.

"Sasa tumeharibu kabisa," mama yake alisema. "Zamani alikuwa anacheza kitu. Sasa anacheza hakuna."

Jumamosi asubuhi Bwana Taratibu alikatiza sebuleni akitafuta kandambili zake. Kitinda akainua uso.

"Baba! Umekwenda kulia!"

"Ndiyo, nimekwenda kulia."

"Mimi ndiye nimebonyeza kulia."

Akabonyeza kushoto, akasubiri. Bwana Taratibu alisimama. Alitaka kumwambia, mwanangu, mimi si katuni, mimi ni karani daraja la kwanza. Lakini miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mtoto huyu amtazame kwa muda unaozidi chafya moja. Akapiga moyo konde. Akaenda kushoto.

"Ruka!"

Akaruka. Vikombe vikalia kabatini. Mkewe akatoka mbio, mkasi mkononi.

"Baba Kitinda, kulikoni?"

"Usinisemeshe. Nachezeshwa."

Mke alimtazama mumewe, kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa anacheka hadi pengo linaonekana. "Basi ukamchezeshe nje," akamwambia Kitinda. "Chini kuna wapangaji."

Wakashuka. Sheria ilijitunga yenyewe: mwenye rimoti lazima amwone mchezaji wake. Mchezaji akienda mbali, macho yaende mbali. Akikimbia, na mwenye rimoti akimbie. Siku hiyo Bwana Taratibu aliruka mtaro, akazunguka nguzo ya umeme mara mbili, akatambaa chini ya kamba ya nguo za jirani na kutokea upande wa pili na soksi begani. Dukani muuzaji alimuuliza, "Nikupe nini, bwana mkubwa?" Akajibu huku anahema, "Subiri, bado hajanibonyeza."

Jumamosi ya pili Kitinda alimtia kwenye mzunguko, akizunguka gari lililoegeshwa. Ndani ya gari alikuwemo mkuu wa ofisi yake, anasoma gazeti.

"Shikamoo, mkuu," alisema akipita dirishani.

"Marahaba. Bwana Taratibu, ni wewe?"

Lakini alishafika nyuma ya gari. Mkuu akangoja.

"Ni mimi, mkuu," alisema alipotokea tena.

"Unaumwa?"

Ikabidi angoje mzunguko mwingine.

"Hapana, mkuu. Ni agizo la daktari."

Mkuu alikunja gazeti, akamwona Kitinda kibarazani, ulimi nje, amekazana na vitufe. Hakucheka. Alikuwa na wajukuu mapacha wasiobanduka kwenye kioo. Jumamosi iliyofuata alikuja nao, yeye mwenyewe amevaa raba mpya. Mapacha walishika rimoti moja, huyu anabonyeza kulia, yule kushoto, na mkuu wa ofisi nzima akabaki katikati ya njia akitetemeka, haendi huku wala kule, mpaka muuza duka alipomwonea huruma akamletea kiti.

Wiki ya sita Bwana Taratibu alijikwaa kwenye ukingo wa barabara. Goti likavimba kama boga. Wakarudi wote kwa yule daktari. Alianza na mtoto: macho meupe, kukonyeza kumekwisha, kilo mbili zimeongezeka. Kisha akashika goti la baba, akasimuliwa mchezo wote.

"Huyu anachezeshwa muda gani kwa siku?"

"Jumamosi ni kutwa," Kitinda alijibu kwa sauti ndogo. "Siku nyingine ni akitoka kazini tu. Mpaka chakula."

"Mmezidisha. Wiki mbili asichezeshwe kabisa. Baada ya hapo, nusu saa."

Kitinda akaangua kilio ambacho hakukitoa hata siku waya ulipochomolewa. Na Bwana Taratibu, mtu mzima, akajikuta anambembeleza daktari.

"Hata dakika kumi, daktari? Nitatembea tu. Sitaruka."

"Hapana."

Waya ulirudishwa nyumbani kwa masharti: nusu saa ya gemu, baada ya kula, saa ya mezani ikihesabu. Haikuwa rahisi. Siku nyingine kengele ililia na Kitinda akalia nayo. Siku moja aliificha saa ndani ya robota la mapazia. Lakini muda uliobaki ulikuwa mrefu, na baba hachezeki, basi akashuka mwenyewe kutafuta la kufanya.

Alhamisi moja Bwana Taratibu alikaa dirishani, mguu juu ya stuli. Kule chini Kitinda alikuwa anakimbizana na wasichana wawili wa jirani, mikono mitupu. Wivu ukamshika, kisha akaona haya.

"Wameniacha," alimwambia mkewe.

"Ndivyo tulivyotaka, mume wangu," mkewe akajibu, pini mdomoni.

Punde mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Kitinda aliingia, magoti yamejaa vumbi, akanywa maji bilauri mbili bila kupumua, akaomba chakula, akala, akaomba tena, bila kuuliza habari ya gemu.